Lori la Vyombo vya Shahira

Chai ya kwanza haijapoa pale mkahawani kwa Haji Qadri, Port Said, Winchi akaingia na habari: lori la vyombo vya Shahira, binti wa Mizani, limekwama mtaani. Halijaharibika. Mama wa bibi harusi ameketi mbele ya gurudumu.

Mizani ni mwenzetu, na kazi yake bandarini ni kupanga makontena melini kwa kompyuta: zito chini, jepesi juu, la kushuka mwisho litangulie kuingia. Hajawahi kuhamisha kontena ili kufikia jingine, na hilo tumelisikia mpaka basi. Jana akaviingiza vyombo vya Shahira kwenye programu ileile. Friji ikaenda chini kabisa. Juu yakakaa mablanketi.

"Sasa kina bwana harusi wataona nini?" Haji Qadri akauliza. "Watasema binti kaletwa kulala tu."

Kwetu vyombo vya bibi harusi hupigiwa ngoma mtaa kwa mtaa, na friji hukaa juu kama bwana mkubwa, hata kamba zikilia.

Mizani akatokea, laptopu kwapani, akaagiza kahawa isiyo na sukari, ile ya matangani. Winchi akamwambia kompyuta yake haijawahi kuwa na mama mkwe. Mizani akasema friji ikikaa juu, kona ya kwanza itaua mtu. Haji akaona heri ianguke watu wameiona. Wacheza domino wakaacha mchezo wakaingilia, kila mtu mhandisi.

Mara Mama Shahira akaingia mwenyewe. Hakupaza sauti.

"Baba Shahira, friji ile nimeuza bangili zangu kuinunua. Mama mkwe wake asipoiona leo, mwanangu atasimangwa mpaka azeeke."

"Yaani nipakue, nipange upya?" Mizani akauliza, kama aliyeambiwa avue nguo hadharani. "Mimi?"

"Wewe."

Akaitazama kahawa. Kisha akafungua laptopu, akaongeza kituo kipya mbele ya nyumba ya bwana harusi, akakiita Macho ya Watu. Cha kushuka hapo: friji. Programu ikatafakari, ikaipandisha friji juu kabisa, halafu skrini nzima ikawa nyekundu.

"Inasema tutapinduka," akasema.

"Meli ikiwa hivyo mnafanyaje?" mkewe akauliza.

"Tunajaza maji kwenye matangi ya chini, iwe nzito."

Akainua macho, akatukagua mmoja mmoja, taratibu, tangu kitambi cha Winchi mpaka changu.

Haji Qadri akafunga mkahawa. Tulipakua vyombo, tukapanda, tukalazwa sakafuni mwa lori, katikati ya miguu ya meza, Winchi kulia peke yake, sisi wengine wote kushoto ili tulingane naye. Juu yetu friji ikang'aa, vigelegele vikapasua mtaa, na lori likakata kona ya kwanza bila hata kuyumba.