Bati Thelathini na Sita

Pankrasi aliposikia kwamba Muhsini, mfanyabiashara wa korosho kutoka Tunduru, anatafuta nyumba inayotazama barabara kwa milioni mbili, alinunua kalamu mbili akazichomeka mfukoni mwa shati. Mwenye kalamu moja ni karani. Mwenye mbili ni mtaalamu.

Akaenda Ruhuwiko kwa Bibi Lidwina, mjane mwenye nyumba kando ya barabara.

"Shikamoo bibi. Nakadiria nyumba. Siku hizi soko huria, tunalinganisha zinazofanana. Yako bati ngapi?"

"Marahaba. Thelathini na sita."

"Kama ya Amedeus! Iliuzwa laki nne. Ya Suzana pia, laki nne."

Amedeus hakuwahi kuuza hata kuku, na Suzana huyo alikuwa hajazaliwa.

"Nikiuza nitakaa wapi, mwanangu?"

"Kwa laki nne unapata nyingine kama hii wiki hiihii."

"Haya. Kitendawili."

"Tega."

"Ina bati thelathini na sita, ina kisima, mwenyewe haitoi kwa laki nne."

"Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Nakupa Namtumbo."

"Nimekwenda Namtumbo, nimekula, nimeshiba, nimerudi. Ni nyumba yako."

Pankrasi akapiga hesabu. Yake ilifika thamani ya milioni moja na nusu, lakini milioni mbili za Muhsini zingejenga nyingine na chenji ikabaki.

"Naitoa, bibi! Laki nne."

Polikarp, balozi wa nyumba kumi, akaandika: nyumba mbili, zimelinganishwa, kila moja laki nne. Fedha zikatoka kwa Pankrasi, zikapita kwa bibi, zikarudi kwa Pankrasi kabla hazijapata joto. Wakabadilishana funguo.

Muhsini alipofika, alianzia kwa balozi, kama afanyavyo kila mnunuzi, akasomewa karatasi.

"Milioni mbili, tajiri," Pankrasi akasema.

"Hapa naona laki nne. Juzi tu."

"Yalikuwa makadirio."

"Aliyekadiria nani?"

"Mtaalamu."

"Basi tumheshimu. Laki nne, wallahi, na elfu ishirini ya soda."

Pankrasi akakimbilia kwa Bibi Lidwina, akamkuta anachota maji kisimani.

"Bibi, hii hapa laki nne. Nirudishie nyumba yangu."

"Muhsini kapita kunisalimia, kaniambia ile ya barabarani ulimtajia milioni mbili. Nami nimelinganisha, mwanangu. Bati ni zilezile." Akajitwika ndoo. "Milioni mbili. Kisima nakupa bure."