Daraja la Kumbukumbu la Delmas Cutlip

Delmas Cutlip alikuwa muuza mawe ya makaburi, na kwa sababu ya kazi hiyo hakuna msiba uliompita katika kaunti ya Tolliver. Alifika na suti nyeusi na leso mbili, moja ya machozi yake na nyingine ya kuwaazima wafiwa, na alilia vizuri kuliko watoto wa marehemu. Watu wakadhani ana moyo laini. Hapana. Macho yake yalikuwa kama bomba bovu, ukiligusa tu linatoa maji.

Siku alipozikwa mzee Hobart Riffle, mchimba makaa aliyekohoa miaka ishirini, Delmas alikuwa kwenye meza ya chakula, anajipakulia saladi ya viazi. Akamsikia mjane akimwambia dada yake, "Jiwe tutanunua. Lakini nani atalisoma kule juu kilimani? Kulungu? Heri wangempa hata daraja."

Delmas akaacha kutafuna.

Katika jimbo letu la milima, milima hii ya Appalachia huku Marekani, yenye mto kila baada ya kona, daraja likikosa jina la mtu aliyekufa watu huliona halijakamilika. Jina hutolewa na bunge la jimbo. Mbunge anaandika azimio, wenzake wanasema ndiyo, kibao cha kijani kinasimikwa, yamekwisha. Delmas akafanya hesabu yake pale pale, kijiko mkononi. Jiwe la kaburi lazima lichongwe, libebwe na lori, wanaume wanne walisukume. Jina la daraja ni karatasi. Na kuliahidi tu, hata karatasi haihitajiki.

Akamsogelea mjane, akampa leso ya pili. "Mama, mimi nikiwa mbunge, Hobart atapata daraja."

"Daraja gani, baba?"

"Jipya. Hapo hapo Little Sorrel."

Wanangu, mtu akikuletea zawadi wakati unalia, futa macho kwanza ndipo uipokee.

Little Sorrel ni mto, na daraja lililokuwepo lilikuwa la kamba za chuma na mbao, la kupita mtu kwa miguu, linayumba hata ukikohoa. Basi la shule haliwezi kupita hapo. Kwa hiyo watoto wa ng'ambo walivuka kwa miguu kila asubuhi, wakalingojea basi upande wa pili. Opal Riffle, mkwe wa Hobart, mpishi wa shule, alikuwa na mabinti watatu. Kila asubuhi alisimama ukingoni na aproni yake, anawahesabu. Mmoja. Wa pili. Hapumui mpaka wa tatu akanyage ardhi. Opal alimpa Delmas kura yake. Jina la baba mkwe kwake lilikuwa pambo tu. Yeye alitaka daraja.

Delmas akashinda. Alipita nyumba zote alizowahi kuziuzia jiwe, na kila nyumba aliiahidi daraja lile lile moja. Kila familia ilipewa hati ya karatasi nene, imeandikwa jina la marehemu wao, na chini muhuri wa dhahabu unaong'aa. Mihuri aliinunua duka la vifaa vya shule, ile ambayo walimu huwabandikia watoto waliofanya vizuri.

Alisaidiwa pia na marehemu wenyewe. Muuza mawe ya makaburi anajua jina kamili la kila mtu na siku aliyozaliwa, na kura inayotumwa kwa posta haiulizi sura. Verna Sypolt, karani wa daftari la wapiga kura pale mahakamani, aliona majina ya ajabu yakirudi kutoka posta. Lakini sheria ilimtaka apate karatasi ya serikali inayosema fulani amekufa ndipo amfute, na kule mabondeni watu hufa bila kuiaga serikali. Alipomuuliza Delmas, Delmas akamshika bega.

"Dada Verna, watu wa hapa wanaipenda nchi yao. Kifo hakiwezi kuwazuia."

Verna akavaa miwani yake, akaendelea na kazi. Verna si mtu wa kugomba. Ni mtu wa kuweka moyoni.

Miaka sita ikapita, Delmas akachaguliwa mara tatu. Kule mji mkuu hakuwahi hata kulitaja daraja, maana daraja likijengwa litakuwa na jina moja, na familia nyingine zote zitakuwa maadui. Daraja ambalo halijajengwa linawatosha wote. Akiulizwa alisema, "Linakuja." Akiulizwa tena alilia.

Mambo yaliharibika kwenye kituo cha zimamoto. Kila vuli wazima moto wa kujitolea hupika chapati za maji za ngano nyeusi na soseji, na kaunti nzima inakwenda kula. Mjane wa Hobart alikuwa anamimina sirapu, akasema kwa raha zake, "Mungu akinijalia, nitavuka daraja la Hobart kabla sijafa."

Mzee Okey Tenney akageuka. "La Hobart lipi, mama? Lile ni la mama yangu mzazi. Hati ninayo."

"Na mimi ninayo."

"Yako ya bandia."

"Yangu ina muhuri wa dhahabu."

Okey akatoa ya kwake mfukoni. Muhuri wa dhahabu. Meza ya tatu mtu akasimama na ya kwake. Kufikia mwisho zilikuwa hati kumi na moja juu ya meza, zimelowa sirapu, na wazee wawili walikuwa wamekwisha kuvua miwani tayari kwa ngumi. Ndipo Delmas akaingia, sahani mkononi.

Kaunti nzima ikamtazama. Mwingine angekimbia. Delmas akaweka sahani chini taratibu, akatoa leso.

"Ndugu zangu," akasema, na machozi yakaja, "niambieni nyinyi. Katika hawa kumi na moja, ningemwacha yupi? Mama yake Okey? Nimwache Hobart? Daraja litakuwa moja. Lakini nguzo, ndugu zangu, nguzo zitakuwa kumi na moja."

Nasikitika kuandika kwamba nusu ya watu walipiga makofi.

Opal alikuwa kwenye jiko na mwiko. "Bwana Delmas, hizo nguzo ziko wapi?"

"Linakuja, dada Opal."

"Miaka sita linakuja. Linakuja kwa miguu?"

Watu wakacheka, na Delmas akacheka kuliko wote, akachukua soseji mbili zaidi, akatoka.

Jumatatu iliyofuata ubao wa daraja ulivunjika chini ya Junie, binti mdogo wa Opal. Mguu ulizama mpaka paja, kiatu kikaenda na mto. Dada zake walimvuta kwa mkoba wa shule. Alifika shuleni na kiatu kimoja, na mama yake, aliyekuwa anakoroga maharagwe, alikiona kiatu kabla ya kumwona mtoto. Hakupiga kelele. Alimfunga mguu kwa taulo, akagawa chakula mpaka mtoto wa mwisho, kisha akavua aproni akaenda mahakamani.

"Verna," akasema, "wewe unahitaji karatasi gani ili umfute mtu aliyekufa?"

"Yoyote ya serikali."

"Hata azimio la bunge?"

Verna akanyanyua miwani. "Azimio la bunge ni karatasi nzuri kuliko zote. Kwa nini?"

"Kwanza daraja," akasema Opal. "Halafu nitakwambia."

Alimkuta Delmas kwenye yadi yake, amekaa katikati ya mawe yasiyo na majina. Opal alikuwa na pai ya tufaha, bado ina moto, akamkatia kipande.

"Familia zimekaa," akasema. "Tumeona aibu kugombania jina kama kuku na punje. Tumekubaliana daraja lipewe jina la mtu mmoja ambaye hakuna nyumba itakayempinga."

"Busara hiyo. Nani huyo?"

"Wewe."

Delmas akaweka uma chini. Mtu aliyeuza majina ya wengine maisha yake yote alikuwa hajawahi kupewa la kwake. Masikio yakamwiva.

"Lakini mimi ni mzima, dada. Sheria inataka marehemu."

"Ndivyo nilivyowaambia. Tena daraja lenyewe halipo, jina utalibandika wapi, juu ya maji?" Akaanza kuifunga pai. "Tuache. Tutampa yule mbunge wa kaunti ya pili. Yeye angalau ni mgonjwa."

"Ngoja," Delmas akasema. "Ngoja, ngoja, ngoja. Kaa." Akatazama kulia na kushoto, ingawa walikuwepo wao na mawe tu. "Marehemu ni neno moja. Siku ya mwisho ya kikao maazimio yanapitishwa mafungu mafungu, kama kuni. Hakuna anayesoma. Naliweka neno, linapita. Mwaka ujao nalifuta, jina linabaki."

"Na fedha za kujengea?"

"Hizo niachie mimi."

"Mimi ni mpishi tu, hayo siyajui," akasema Opal, akamkatia kipande kikubwa zaidi.

Mnajua wanangu, mwizi haibiwi kwa nguvu. Unamwachia mlango wazi, anaingia mwenyewe na viatu vyake.

Majira yale ya baridi mji mkuu ulimwona Delmas mwingine. Alikuwa wa kwanza kufika kwenye kamati ya barabara na wa mwisho kutoka. Alileta kiatu cha Junie kilichobaki, alichokiazima kwa Opal, akakiweka mezani mbele ya mwenyekiti, akalia mpaka mwenyekiti akaomba maji. Alibadilishana kura na watu asiowapenda. Alimpigia makofi mbunge aliyetaka kuku wa kienyeji awe ndege rasmi wa jimbo. Fedha za daraja zikapatikana zote, mkataba ukasainiwa, na mitambo ikaanza kushuka Little Sorrel kabla theluji haijaisha.

Jumamosi ya mwisho ya kikao, spika akasoma fungu la maazimio ya kumbukumbu kwa namba tu, jicho moja kwenye saa. Wanaokubali? Ndiyo. Kisha, kama desturi, bunge likasimama kuwakumbuka marehemu waliotajwa. Delmas naye akasimama, akainamisha kichwa na kutoa leso. Waliokuwa karibu naye walisema baadaye kwamba hawajawahi kuona mtu amesikitika vile.

Ijumaa iliyofuata ilikuwa mwisho wa kurudisha fomu za kugombea. Delmas aliingia mahakamani saa kumi na nusu jioni, anapiga mluzi. Ofisi ilikuwa inafungwa saa kumi na moja.

"Dada Verna. Fomu yangu ya kila mara."

Verna akaichukua, akafungua daftari, akapitisha kidole. "Hupo."

"Sipo wapi?"

"Kwenye daftari. Mgombea lazima awe mpiga kura aliyeandikishwa. Wewe nimekufuta juzi."

"Umenifuta kwa nini?"

Verna akavuta karatasi kutoka kwenye droo, akaigeuza ili asome vizuri. Juu nembo ya jimbo, chini sahihi ya spika. *Marehemu Delmas Cutlip, mtumishi mpendwa wa kaunti ya Tolliver.* "Pole kwa msiba," akasema.

Delmas akacheka. Verna hakucheka. Delmas naye akaacha.

"Verna, mimi niko hapa mbele yako."

"Nakuona. Umependeza."

"Basi andika niko hai."

"Mimi nani nibishane na bunge? Bunge ndilo lililosema, bunge ndilo litakalosema vinginevyo."

"Bunge limefungwa mpaka Januari."

"Ndiyo," akasema Verna. "Muda mrefu kukaa kaburini."

Delmas akakamata meza kwa mikono miwili. "Kaunti hii wafu wanapiga kura kila mwaka na hujawahi kusema neno. Leo mimi ndiye unayenizuia?"

"Kupiga kura wanapiga, baba. Wewe mwenyewe ndiye uliyewafundisha. Kugombea ndiko hawaruhusiwi." Akatazama saa, akaanza kufunga mihuri yake. "Hata hivyo nafasi haikukaa wazi. Opal Riffle alileta fomu yake saa sita mchana."

Hakuna mwingine aliyegombea. Novemba Opal akachaguliwa bila mpinzani, na kura zake zilikuwa chache kuliko zile alizokuwa akipata Delmas, kwa sababu mwaka ule makaburi yalibaki nyumbani. Safari hii hakukuwa na mtu wa kuwajazia karatasi. Na Opal alipofika bungeni Januari, alitumia lile azimio la Delmas kama kielelezo: azimio lake la kwanza liliwataja marehemu wote wa kaunti kwa majina, kurasa sita, na Verna akawafuta wote.

Daraja lilifunguliwa mwezi wa tano. Familia zote kumi na moja zilikuja zimevaa nyeusi na kuleta saladi ya viazi. Okey Tenney alilia. Kibao cha kijani kilifunuliwa, jina likasomeka mpaka ng'ambo, na Delmas mwenyewe alikuwa amesimama chini yake, kofia mkononi, watu wanampita wakimpa mkono wa pole. Kisha basi la shule likapita juu ya zege, na Opal, mheshimiwa mbunge, akasimama ukingoni akihesabu vichwa vitatu dirishani. Mmoja. Wa pili. Wa tatu. Mazoea.

Delmas alimngojea hadi watu walipopungua. Kufa kulikuwa kumemchosha. Leseni ya gari ilikuwa imekataliwa, na benki ilikuwa imemwandikia barua ya rambirambi.

"Dada Opal. Mheshimiwa. Ni azimio dogo tu. Neno moja la kufuta."

Opal akamshika bega. Macho yake yakalowa kidogo. "Linakuja, Bwana Delmas."

"Lini?"

"Linakuja. Lakini sikuachi mikono mitupu." Akafungua mkoba akatoa karatasi nene, iliyochapwa vizuri, akaikabidhi kwa mikono miwili. *Inathibitishwa kwamba Delmas Cutlip yu hai.* Chini yake kulikuwa na muhuri wa dhahabu, wa mwisho katika pakiti ambayo Delmas aliisahau kwenye droo ya ofisi ya ubunge.

Delmas akaitazama hati ile muda mrefu. Akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele. Alijua kuliko mtu yeyote katika kaunti ya Tolliver thamani ya karatasi ile.

Hata hivyo akaikunja polepole, akiangalia asiukunje muhuri, akaiweka mfuko wa ndani, upande wa moyo.