Uzinduzi wa Tatu wa Mashine ya Kupimia Hewa, Mtaa wa Kamushili

Mheshimiwa Mwakilishi wa Meya, aliyetuma udhuru, Mheshimiwa Meneja wa kiwanda cha kuyeyusha shaba, aliyetuma dereva, wachungaji wetu na wasaidizi wa wasaidizi wao, viongozi wa soko, kwaya ya akina mama, mke wangu, nami mwenyewe, Diwani Webster Kapambwe, mtumishi wenu: itifaki imezingatiwa. (Makofi, meza kuu peke yake.)

Kabla ya yote, kwa mamlaka niliyokabidhiwa, natangaza rasmi kwamba viti kumi na viwili vya plastiki vya meza kuu vimewasili salama, na kumi na kimoja kati yavyo vina miguu minne. (Kicheko. Dereva wa Meneja anasimama.)

Ndugu wananchi, katika muktadha wa mkakati jumuishi wa usimamizi endelevu wa hewa, na kwa kuwashirikisha wadau wote, hasa wale wanaopumua, ofisi yangu iliona haiwezekani mtaa ambao bati jipya halimalizi mvua mbili bila kuwa chujio, na sketi iliyoanikwa asubuhi huanuliwa jioni ikiwa na matundu, uendelee kupima senta, yaani huu moshi wetu wa kiwanda, kwa kutumia koo. Tukaleta mashine. Ndiyo hiyo chini ya shuka. Leo tunaizindua kwa mara ya tatu, maana jambo jema halizinduliwi mara moja.

Kwa miaka mitatu imepima bila likizo, bila hata kuomba kikombe cha kinywaji chetu cha munkoyo, na kila mwezi nimepeleka matokeo Lusaka: hewa safi, asilimia tisini na saba. Ya mwezi huu yako tayari mpaka tarehe thelathini, ingawa leo ni tarehe kumi na mbili. Huo ndio utendaji unaotangulia muda. (Kicheko kirefu kutoka upande wa soko.)

Wapo wanaosema tuchague viongozi wanaojali tabianchi. Namwona pale Nesi Nkandu wa zahanati, anayekitaka kiti changu, na daftari lake la wagonjwa wa pumu. Dada yangu, sina ugomvi nawe. Mwaka jana ulinidunga sindano mahali ambapo mtu habaki na kiburi. (Nesi Nkandu: “Na ulilia, Ba Diwani.”) Nililia kidogo.

(Upepo unageuka. Wananchi wanaziba pua kwa vitenge walivyokwisha kuvilowanisha. Meza kuu inatafuta leso.)

Kama nilivyokuwa nikisema, safi, asilimia tisi... (Anakohoa. Mwanamke wa mstari wa mbele anampa ncha ya kitenge chake.)

Asante, mama. Huyu ni Bana Chishala, yaani mama yake Chishala, muuza mboga, ambaye mwanawe huyo hulala ameketi kwa sababu ya kifua, na ameshtaki kiwanda. Sema, mama, nami nivute pumzi.

(Bana Chishala: “Sina mengi, baba. Kesho mahakamani wakili wa kiwanda anakuja tena na karatasi zako za Lusaka. Hakimu kaniuliza, kama hewa ni safi hivyo, mwanao kapatwa na nini? Basi funua hilo shuka, utusomee ya sasa hivi.”)

(Wananchi: “Soma, baba, soma.”)

Mke wangu ananitazama. Mama, ile ni friji yake. Iliharibika, tukaipaka rangi. (Kicheko. Kwaya inashikiliana isianguke.)

Basi niyaseme yalivyokuwa. Mashine haikuwahi kuwepo. Lusaka waliandika kuuliza kama imefika, nami kwa kuona haya kuuliza mashine gani, nikajibu imefika. Wakataka matokeo. Nikakaa na sahani yangu ya nshima, nikaandika tisini na saba, kwa kuwa mia ingeonekana uongo. (Kicheko. Bana Chishala hacheki.) Mwezi wa pili nikanakili ule wa kwanza. Nilidhani karatasi zile zinaliwa na panya. Sikujua zinamsubiri mama huyu mahakamani.

Kaulimbiu yetu: Hewa Safi! (Wananchi: “Nesi Nkandu!”) Imechapwa vingine kwenye fulana, lakini sawa.

Nawashukuru kwa kuhudhuria uzinduzi wa kitu kisichokuwepo. Bana Chishala, kesho nitasimama upande wako, nimwambie hakimu hivi hivi.

(Bana Chishala: “Andika leo, baba. Kesho utakuwa na udhuru.”)

Nesi, niazime kalamu. Naandika: Mimi, Webster Kapambwe, sijawahi kuipima hewa ya Kamushili. Nimeivuta tu.