Lundo la Majani Nyuma ya Banda la Baiskeli

Jumatano, 20 Novemba

Binti yangu Siwema amepiga simu. Anakuja Jumapili ya tarehe mosi, siku ya kuwasha taa za madirishani za kungojea Krismasi. Anakuja na fomu.

Fomu ni ya nyumba za wazee kule Lund, kusini mwa Sweden, mtaa wa pili kutoka kwake. Chumba kimoja. Kamba ukutani ya kuvuta ukianguka. Chakula cha mchana pamoja, saa tano na nusu. Saa tano na nusu! Anasema tangu mama yake afariki hapa si nyumbani tena, ni ghala. Zulia juu ya zulia. Anasema mwezi wa nane alijikwaa mara mbili, yeye mwenye macho mazima, sembuse baba yake. Nikamwambia nina miaka arobaini na minne hapa Gävle, thelathini na mmoja katika nyumba hii, na sijaanguka hata siku moja. Akaniuliza ule mguu wa mwezi wa pili ulivunjikaje. Nikamwambia ile ilikuwa barafu. Barafu haihesabiwi.

Tumekubaliana hivi: atakagua. Akikuta nyumba nyeupe, nyepesi, inayopitika, fomu inarudi Lund kama ilivyokuja. Akikuta ghala, natia saini.

Siku kumi na moja. Dunia iliumbwa kwa sita.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimekwenda kupeleleza kwa Bi Gunvor.

Bi Gunvor ni jirani wa ukuta kwa ukuta, miaka sabini na tisa, mwenyekiti wa jumuiya ya jengo letu. Mwaka jana sebule yake ilitoka katika gazeti la wastaafu, kurasa mbili, kwa rangi. Tangu hapo anapanda ngazi taratibu zaidi.

Nilikwenda na sahani yake ya keki, ambayo nimekaa nayo tangu Pasaka, kama kisingizio. Alinipokea mlangoni kwa kusema kwamba anayekuja kurudisha sahani huingia hatua moja, na anayekuja kuchungulia huvua viatu kwanza. Nikavua viatu.

Nimeona yote. Kuta nyeupe. Sakafu ya mbao, tupu. Kiti kimoja, ngozi ya kondoo juu yake. Kwenye mtungi wa udongo, tawi moja kavu. Moja! Nikamuuliza linafanya kazi gani. Akasema linapumua. Akasema siri ni kuuingiza msitu ndani halafu kuuacha ukae kimya. Akasema pia kwamba mtu mwenye vitambaa kumi na saba vya kufumwa asijaribu, atajiumiza.

Kumi na saba. Amehesabu!

Ijumaa, 22 Novemba

Nimeshusha kila kitu stoo, chini ya jengo. Mazulia manne. Kabati la vioo, kwa vipande. Maua ya plastiki. Saa ya ukutani yenye picha ya bandari ya Mikindani, ambayo haijatembea tangu 1989 na haijawahi kunikosea adabu. Mwisho vitambaa. Mama alivifuma akiwa kipofu wa jicho moja, akanitumia vitatu kwa mwaka, kila mara ndani ya kifurushi cha iliki. Vingine vilinifikia vikinukia hivyo. Nimevikunja kimoja kimoja, ukingo kwa ukingo.

Kufikia saa nane sebule ilikuwa nyeupe na tupu. Nikakohoa. Ukuta ukaitikia.

Nikakaa kwenye kiti kuitazama kazi yangu. Ilifanana na chumba cha kungojea kung'olewa jino. Kuna kitu hakipo. Nikajua ni nini: msitu.

Jumamosi, 23 Novemba

Msituni na Torsten. Torsten ni rafiki yangu wa kahawa ya Jumamosi. Ana gari, na ana maoni.

Nilikuwa na magunia manne ya kujaza kuvumwani, yaani lile zulia la kijani linalofunika mawe. Torsten akasimama mbele ya jiwe kama askari wa mpakani. Akasema hivi sisi wawili tumeokota uyoga pamoja miaka ishirini, na bado sijui sheria? Msitu ni wa kila mtu kwa kutembea. Uyoga, chuma. Matunda ya porini, chuma mpaka ndoo ipasuke. Lakini kuvumwani, gome na tawi bichi ni vya mwenye msitu. Nikamwambia kuvumwani haina mwenyewe, inaota tu. Akasema hata ndevu zake zinaota tu, je, nataka nizikate nipambe dirisha? Tumerudi na magunia matupu. Kwa huruma amenipa gogo moja la mti mweupe kutoka kwenye kuni zake.

Lakini Mungu si Torsten. Nilipokuwa naburuta gogo uani, nikaona nyuma ya banda la baiskeli lundo la majani makavu na matawi, limepangwa vizuri, kubwa kama meza ya watu sita. Si la msitu. Si la mtu. Bila shaka ni masalio ya siku ya usafi wa uani mwezi uliopita, siku ambayo mimi niliumwa mgongo. (Mgongo ulipona jioni ileile.) Watu wamefagia wakachoka, wakaacha.

Nimelibeba lote kwa koleo la theluji. Magunia manne. Gunia la tatu lilikuwa zito kuliko mengine. Majani yaliyolowa, nadhani.

Jumapili, 24 Novemba

Ushindi!

Chini ya dirisha, juu ya bomba la joto, nimeweka kihori cha mbao ambacho mke wangu Ingalill alikuwa akikandia mikate. Nimelijaza lile lundo ndani yake, matawi juu, gogo la Torsten pembeni. Bi Gunvor ana tawi moja. Mimi nina msitu wenye joto. Sebule nzima inanukia mvua.

Ingalill alikuwa na mchezo huu. Kila tulipotembea alirudi na jiwe moja mfukoni, akaliweka dirishani. Mimi nilikuwa nikiyarudisha nje kisirisiri, maana yalikuwa yanakwaruza rangi. Miaka thelathini. Leo ningekuwa nayo, dirisha lingejaa.

Jumatatu, 25 Novemba

Kuna karatasi kwenye mlango wa chumba cha kufulia, mahali ambapo katika nchi hii vita vyote hupiganwa. Herufi kubwa: ALIYECHUKUA LUNDO NYUMA YA BANDA LA BAISKELI TUNAMWOMBA KWA UPOLE ALIRUDISHE. LINA MWENYEWE. Chini yake, uso unaotabasamu. Uso huo humaanisha kwamba mwandishi amekasirika sana.

Mwandiko ni wa Bi Gunvor. Ni wivu. Amenusa msitu kupitia ukuta.

Nimebandika jibu: MAJANI NI MALI YA UPEPO. Nami nikachora uso. Wangu unatabasamu zaidi.

Jumatano, 27 Novemba

Siandiki hili kwa furaha.

Jana asubuhi niliacha mkate wa iliki kwenye kibao kidogo kando ya kiti. Nilipotoka jikoni, nusu haipo. Nikasema nimekula, nimesahau. Leo nimeweka mwingine, nikaandika kwenye karatasi: *mkate mzima, saa nne na robo*. Saa tano, karatasi ipo, mkate haupo. Na kando ya kihori kuna vitu vidogo vyeusi kama punje za mchele mweusi. Labda vinatoka kwangu mfukoni. Sijui vinatoka wapi.

Mchana kuna mtu anakoroma. Nikishika pumzi, bado anakoroma.

Siwema aliniambia mwezi wa nane, kwa sauti ya upole mno, kwamba mambo huanza hivyo. Mtu husahau alichokula. Husikia watu.

Sitamwambia. Siku nne zimebaki. Nitakula nikiwa nimesimama, kila kitu jikoni, mlango umefungwa. Mtu mwenye utaratibu hawezi kupotea.

Alhamisi, 28 Novemba

Bi Gunvor amebisha hodi. Nikafungua mlango upana wa pua.

Akauliza nina mgeni? Nikasema sina. Akasema tangu Jumanne anasikia mtu akitembea kwangu, na si mimi, maana mimi hutembea kama kabati. Kumbe naye anasikia! Karibu nimkumbatie. Halafu nikafikiri: ni mbinu. Anataka nikiri kuwa nasikia vitu, amwambie Siwema. Nikasema sisikii chochote. Akanusa hewa, akasema, “Haya, Hemedi. Ukianza kusikia, gonga ukuta.”

Mjanja yule mama. Sitagonga.

Jumapili, 1 Desemba

Naandika nikiwa nimekaa.

Siwema alifika saa tisa, giza likiingia. Nilikuwa nimewasha taa ya mishumaa saba dirishani. Akavua viatu, akaingia sebuleni, akasimama katikati ya sakafu tupu. Nikajua nimeshinda.

Kisha akauliza vitambaa vya Bibi viko wapi. Nikasema stoo. Saa ya Mikindani? Stoo. Akakaa kwenye kile kiti kimoja, na nikaona macho yake yamejaa machozi. Akasema njia nzima kwenye treni alikuwa akipanga maneno, akijua nitabisha, na ndani ya moyo wake alitumaini nibishe hadi nishinde. “Kumbe Baba umeshafungasha.”

Nikasema sijafungasha, nimepamba. Hakusikia. Akatoa fomu, akaiweka juu ya gogo la Torsten, akanipa kalamu. Na mimi, baada ya mkate uliopotea na mkoromo, nikaichukua. Nilifikiri labda ana haki. Nimeandika H.

Hapo majani yakafumuka. Kutoka kwenye kihori kikateremka kitu chenye miiba, kikubwa kama buli la chai, kikapita katikati ya sakafu nyeupe kikikoroma, kikafika kwenye fomu, kikainusa. Kalunguyeye!

Siwema alipanda juu ya kiti akapiga ukelele. Mimi nilipiga wa furaha. Nilipiga makofi! Nikamwambia unamwona? Unamwona na wewe? Akasema namwona, Baba, mtoe!

Mlango ukafunguka. Bi Gunvor aliingia na viatu. Viatu vyenye theluji, sebuleni kwa mtu. Sijawahi kuona jambo hilo katika nchi hii, na sidhani yeye amewahi kulifanya. Akamwona mnyama, akapiga magoti.

“Mwizi wa vitanda wewe!” akaniambia. Kumbe lile lundo walilijenga wote pamoja siku ya usafi, tawi kwa tawi, ili kalunguyeye alale humo mpaka majira ya kuchipua. Kila mwaka hulijenga. Kila mtu analijua, isipokuwa mwenye mgongo wa kuugua kwa ratiba. Nami nimempandisha ghorofani nikamweka juu ya bomba la joto. Akadhani baridi imekwisha.

Kitambaa kimoja kilikuwa kimesalia, kimejificha nyuma ya mto wa kiti. Siwema akamfunika nacho yule mnyama, akamnyanyua. Kwenye kazi ya Mama, miiba ikatokeza katikati ya maua.

Tumempigia simu mama mmoja wa mjini anayeokoa kalunguyeye. Akasema mpeni chakula cha paka ashibe, kisha mwekeni kwenye sanduku la majani, pahali pa baridi na kimya. Wote watatu tukafikiri stoo yangu. Kwa hiyo yeye kashuka na vitambaa vimepanda. Saa ya Mikindani nayo.

Siwema akamwuliza Bi Gunvor, mbele yangu, kana kwamba mimi ni kipande cha mbao, iwapo mzee huyu anaweza kuishi peke yake. Bi Gunvor akashangaa. Akasema peke yake? Huyu hajaishi peke yake hata siku moja. Kila asubuhi saa moja anakohoa mara tatu, na yeye upande wa pili ndipo anapoweka birika la kahawa. Siku asipokohoa atakuja na ufunguo, ambao Ingalill alimpa miaka kumi na miwili iliyopita. Na mzee anayebeba lundo lote lile kwa koleo, akasema, hahitaji kamba ukutani. Anahitaji kufungwa kamba.

Siwema akacheka mpaka akakaa chini. Mkate wa iliki ukaliwa wote. Nilikula wangu nikiwa nimekaa, mbele ya mashahidi. Fomu, yenye H yangu na alama za kucha, ameikunja akairudisha mkobani. Mazulia anasema yabaki chini. Nimekubali. Moja tu ndilo litakalopanda, akishaondoka.

Jumanne, 3 Desemba

Siwema amerudi Lund. Jana, chini ya usimamizi, nilijenga lundo jipya nyuma ya banda. Bi Gunvor alinirekebisha matawi mara tisa. Kalunguyeye amelala stoo, nimemsikiliza. Yeye ndiye anayekoroma. Wala si mimi.

Nimejifunza jambo kubwa: majani ni makosa. Majani huficha mambo. Unapoingiza msitu ndani, chagua kitu kilicho wazi, safi, kitupu.

Leo Bi Gunvor ameweka maua meupe ya Krismasi dirishani. Manne. Anajua napita.

Lakini kwenye ghala la kuni la Torsten, chini ya paa, nimeona kiota cha nyigu. Kikubwa kama boga, kijivu, tabaka juu ya tabaka kama karatasi iliyokunjwa na fundi. Hakuna taa katika Gävle nzima itakayoshindana nacho juu ya meza yangu. Torsten anasema majira ya baridi nyigu hufa wote. Karibu wote. Anadhani.

Nimekigonga kwa kidole. Kimya kabisa. Kimenyonya unyevu kidogo, kwa hiyo nimekiweka juu ya bomba la joto kikauke.