Namna ya Kumchelewesha Orazbai

Jumapili, 22 Septemba

Orazbai anahama kweli. Wamepewa nyumba kaskazini, upande wa Kokshetau, na mkewe Kulyash ameshafunga hata mapazia. Sharti moja: wachukue funguo kabla ya Ijumaa jioni, la sivyo nyumba wanapewa wengine. Nimejitolea kuwahamisha kwa lori langu. Kijiji kizima kinasifu moyo wangu. Moyo! Tangu mke wangu afariki, jioni zangu zote ni bao na Orazbai. Sasa nicheze na nani, na ukuta? Ijumaa hawafiki. Nimeshapiga simu kwa watu watatu njiani.

Jumatatu, 23 Septemba

Kabati nyuma, magodoro juu ya kabati, Kulyash katikati yetu amepakata samovari, birika lake kubwa la chai. Kufika Shu, binamu yangu Ryskul kasimama barabarani kama tulivyopatana. Kondoo amefungwa mlangoni. Hapo ndipo penye ujanja: kondoo hachinjwi mpaka mgeni amwone na kumwombea dua, na aliyeomba dua haondoki bila kula. Kulyash akasema wana haraka. Orazbai, ajabu, alikuwa ameshainua mikono. Nyama ikaiva jioni. Tukalala. Safi sana.

Jumanne, 24 Septemba

Hasara ndogo. Ryskul kasema anayehamia kwenye baridi haondoki mikono mitupu. Katuzawadia kondoo jike, mzima. Kafungwa juu ya magodoro, analia kila kona.

Balkhash tumepokewa na Dauletkhan, niliyekuwa naye jeshini. Kachinja. Jirani yake akaona wivu, naye kadai kesho ni zamu yake. Huyu sikumpanga mimi. Mungu ana msaada wake.

Alhamisi, 26 Septemba

Tumeondoka Balkhash na furushi la samaki wa moshi, zawadi. Lori zima linanuka. Kulyash hakunisemesha mpaka mchana, kisha akaniuliza: "Shemeji, hivi wewe una ndugu kila penye moshi?" Nikamwambia udugu ni baraka. Orazbai akageukia dirishani, mabega yanamtikisika. Nadhani ni baridi.

Tulipopumzika tulicheza bao juu ya boneti. Nimemfunga. Nani atamfunga huko kaskazini?

Ijumaa, 27 Septemba

Karaganda. Mwenyeji wa tatu niliyempanga, fundi wa mgodini, mtu wa kuchinja bila kuulizwa mara mbili. Jua limezama nyama ikiwa chunguni. Nimeshinda! Orazbai kaomba supu tena, hana habari.

Nilitoka nje kunawa, nikamkuta Kulyash ameegemea kabati lake anafuta macho kwa ncha ya mtandio. Ameingoja nyumba hiyo miaka. Roho iliniuma. Nikarudi ndani, nikala kidogo tu.

Mwenyeji katuzawadia magunia ya makaa ya mawe.

Jumamosi, 28 Septemba

Tumefika. Nilijiandaa kuwapa pole na kugeuza lori. Yuko wapi ofisa wa nyumba? Tangu Jumatano yuko harusini wilaya ya pili, kila akitaka kuondoka anaonyeshwa kondoo mwingine. Funguo kamwachia jirani, na jirani hajui habari ya Ijumaa wala Jumamosi. Kafungua mlango, kasema karibuni.

Hawa watu hawana utaratibu kabisa.

Kondoo wa Ryskul kaingia zizini kama aliyezaliwa hapo. Makaa yakawashwa jikoni, samaki wakaning'inizwa ukutani. Vyote nilivyowachelewesha navyo ndivyo walivyokuwa wanahitaji. Majirani wakachinja kuwakaribisha wageni, na kichwa cha kondoo kikawekwa mbele yangu, mgeni mwenye umri mkubwa kuliko wote. Heshima kubwa. Nilitafuna kwa shida. Kulyash akanimiminia chai, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Shu.

Jumapili, 29 Septemba

Mpango mpya. Nimechomoa kete moja ya bao lake, nimeificha ndani ya soksi. Bao pungufu halichezeki. Atarudi.

Orazbai alinipangia vifaa vyangu vyote vya lori nyuma ya kiti kwa mikono yake, hakutaka msaada. Kisha akaniambia taratibu, "Ukipata pancha usihangaike, mzee mwenzangu. Geuza, rudi kwangu." Nikamjibu matairi yangu ni mazima. Akayatazama muda mrefu. Nilipiga honi mpaka nyumba ikapotea. Nilijisikia vibaya sana, naandika hivyo hivyo.

Jumanne, 1 Oktoba

Pancha, kabla ya Balkhash. Natafuta jeki, jeki hakuna! Imeibwa kulekule. Watu wanakulisha kichwa cha kondoo huku wanakuibia. Nimeazima jeki ya dereva wa lori la makaa.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nyumbani. Nimempigia Orazbai. Kasema kete moja haionekani, lakini anatumia kinyesi cha kondoo, duara, kigumu, kinafaa. Kondoo wa Ryskul! Binamu yangu mwenyewe.

Kauliza kama nilipata pancha. Nikamweleza habari ya jeki, nikamwonya afunge milango, anaishi na wezi. Halafu akauliza, kwa unyonge, mbona sikurudi. Nikasema kuna watu wema barabarani. Akakata simu.

Maskini. Kaskazini kumeshamharibu akili, lazima nimrudishe. Kesho nampigia Ryskul. Amwalike.