Kicheko Uani kwa Bi Ummi

Jumatatu, 9 Disemba 2024

Binti yangu Raniya kapiga simu kutoka Jadida. Skuli zimefungwa, lakini wanawe hawaleti Kengeja. Eti Abeer na Thuraiya wanasema huku ni kukaripiwa tu, kutwa nzima. Moyo ukanilipuka!

Namjua mkaripiaji. Baba yake Raniya, mume wangu Hija. Tangu alipoanguka mkarafuuni mwaka juzi, nikamkataza kupanda, kanuna moja kwa moja. Hasemi, huguna. Miaka sabini na moja, uzee umemharibu. Mie nina sitini na mbili na bado mchangamfu.

Nikamwambia Raniya awalete Jumamosi, watamkuta babu mwengine. Akaanza kusema, lakini mama... Nikakata. Mambo yalikuwa mengi.

Jumanne, 10 Disemba

Nimegundua. Ni redio! Kila taarifa ya habari yeye hugombana nayo. Nimeifukia kwenye pipa la mchele.

Kaitafuta uvunguni, kaitafuta juu ya kabati. Nikasema labda paka kaichukua. Akauliza paka anataka habari za nini. Nikataka kucheka, nikakumbuka kuwa yeye ndiye mgonjwa. Nikamuuliza kama kifua kinamuuma. Akatoka zake.

Magharibi nikachota mchele wa chakula cha usiku. Kibaba kikagusa swichi. Pipa likaanza kusoma taarifa ya habari! Hija akaja, akaitoa redio, akaikung'uta punje. Hakufoka hata kidogo. Hilo ndilo lililonitisha.

Alhamisi, 12 Disemba

Nimemwita Mzee Kificho, rafiki yake wa tangu chuo cha Kurani, aje kucheza naye dhumna. Nikamnong'oneza afungwe makusudi, mwenziwe afurahi. Mchezo wa tatu Hija akasimama. Akasema yeye si mtoto wa kutiliwa ushindi mdomoni. Akauliza nani kapanga haya. Kificho akanitaja palepale, hata chai hajaimaliza. Mwanamme gani yule!

Ijumaa, 13 Disemba

Baada ya sala ya Ijumaa, Hija haonekani. Barazani hayupo. Msikitini hayupo. Nikajua kapanda mti. Nikakimbilia shamba, napita chini ya mikarafuu, shingo juu, namwita. Naona majani tu.

Nikasikia kicheko. Kikubwa, cha tumboni. Nikajiuliza Bi Ummi, jirani yetu, kapata mgeni gani. Nikachungulia kwenye ua wa makuti.

Hija! Kaketi jamvini kati ya wanawake, anachambua karafuu. Makonyo, vile vijiti vyake, kule, karafuu huku, vidole vyeusi. Anawahadithia pipa lililosoma taarifa ya habari. Wanawake hoi. Miaka miwili sijakisikia kicheko kile, hata nilikisahau.

Bi Ummi akaniona, akaja taratibu. Akasema mzee huja kila siku, mwezi wa pili huu. Kumbe mie nikidhani yuko barazani! Akasema, Mama Raniya, mwenyewe anasema hapa mikono yake ina kazi, na kwenu hata akipiga chafya huulizwa anaumwa wapi. Nikamjibu kuwa namtunza mume wangu. Akasema anajua. Kwa upole. Bora angenitukana!

Jumamosi, 14 Disemba

Wamekuja! Watoto hata hawakuvua mabegi, wakamfuata babu yao jamvini kwa Bi Ummi. Nikamwambia Raniya, waona, baba yako kapona.

Akanishika mkono. Akasema, mama, hawakumsema babu. Kutwa wanasikia, usikimbie, utaanguka. Usinywe, ya baridi hiyo. Shuka hapo. Akasema ile ni sauti yako, mama, hata baba kaikimbia.

Nikamenya muhogo. Machozi yakanitoka, nikasema ni moshi. Moto ulikuwa bado haujawashwa.

Siku ile ya mkarafuu mie ndiye niliyemkuta Hija chini. Macho wazi, hasemi. Nilimwita mpaka sauti ikanikauka. Toka hapo kila ninayempenda namuona yuko juu ya mti. Hili sikumwambia Raniya. Naliandika hapa.

Raniya kasema watoto watabaki wiki moja, nikiweza kujizuia. Nikisema sana, atakuja kuwachukua. Nimeapa.

Jumapili, 15 Disemba

Nimenyamaza toka alfajiri mpaka saa nne! Nikaenda mwenyewe jamvini kwa Bi Ummi. Hija akanisogezea fungu la karafuu. Nikachambua. Abeer akaniegemea. Nikafurahi, Alhamdulillahi, nikafurahi kweli.

Halafu Thuraiya akakohoa.

Sikusema kitu. Neno moja halikunitoka! Nilinyanyuka tu, nikarudi na shuka tatu, mafuta ya kuchulia na mwavuli.

Hija akaguna.

Mguno ule naujua. Jua lile linamdhuru. Nimeshaongea na Mzee Kificho: kesho alivute jamvi mpaka kivulini, aseme ni shauri lake. Safari hii nimemwapisha.