Bingwa wa Taifa Nyuma ya Lori la Saruji

Jumatatu, 3 Juni 2002

Barua imefika! Kutoka Uswisi, stempu yenye picha ya ng'ombe aliyeshiba. Mwezi wa pili niliwaandikia waandaaji wa mbio za baiskeli za milimani kwamba mimi, Akilimali, fundi wa baiskeli wa mtaa wa Buyenzi, ndiye bingwa wa Burundi. Nani angekuja kuhakikisha? Nchi iko vitani. Sasa wanajibu kwa heshima kubwa. Wananikaribisha mwezi wa nane, tiketi mbili za ndege, moja ya mshindani, moja ya fundi wake. Sharti moja tu: nitume karatasi ya matokeo ya mchujo, yenye sahihi za mashahidi watatu.

Mchujo! Asiya, mke wangu, amesoma barua mara mbili, kisha akauliza ni lini mara ya mwisho nilipanda kilima bila kushuka na kuisukuma baiskeli. Wivu huo.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepata njia. Mchujo lazima utangazwe. Nimeutangaza. Karatasi moja, herufi ndogo, nimeibandika nyuma ya mlango wa karakana, ambao kutwa nzima huwa wazi umeegemea ukuta. Washindani mpaka sasa: mimi na mzee wa duka la vitambaa mwenye goti bovu. Njia: bandarini mpaka Kibenga, kando ya ziwa, tambarare tupu.

Saa nane akaja Mohamadi, fundi wa ng'ambo ya barabara, ambaye hatuelewani tangu mwaka 1996. Eti anaazima spana. Mtu ambaye hajawahi kuazima kwangu hata msumari! Akaingia, akaufunga mlango, eti vumbi. Akasoma tangazo lote, mpaka tarehe. Kisha akauliza kwa upole kama milima siku hizi imehamia Kibenga.

Jumamosi, 8 Juni

Balaa. Mohamadi ameongea na mashahidi wote, na njia imebadilishwa. Ni bandarini mpaka kizuizi cha kwanza cha wanajeshi, barabara ya Bugarama. Kupanda tu. Tena amemwandikisha Jovithe.

Jovithe ni mbeba ndizi. Anashuka kutoka Bugarama na mikungu minane juu ya baiskeli ya chuma ya Kichina, breki yake ni kipande cha tairi alichokishona chini ya kandambili. Halafu anapanda tena na ndagala, dagaa wa ziwa letu. Wakipiga risasi barabarani analala mferejini, wakiacha anajipangusa na kuendelea. Mwaka juzi, barabara ilipofungwa kwa magari wiki nzima, ndizi tulizokula Buyenzi zilikuwa za Jovithe na wenzake. Simpendi kwa sasa, lakini ukweli ni huo.

Sijakata tamaa. Térence, dereva wa lori, anapakia saruji bandarini Jumamosi ijayo. Wabeba ndizi wenyewe hushikilia malori wakipanda. Na mimi nitashikilia. Desturi ya kazi, si udanganyifu.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika nikiwa nimekaa upande mmoja. Upande wa pili umechubuka.

Usiku risasi zilisikika upande wa Kinama, kwa hiyo barabara ilichelewa kufunguliwa. Tukaondoka saa nne, watu sita. Jovithe alikuja na gunia la ndagala nyuma, kwa sababu wateja wake wa Bugarama wanangoja na hawezi kupoteza siku. Nilifurahi kuliona gunia lile. Kilima kilipoanza nikasubiri Térence, nikashika chuma cha nyuma ya lori, nikaanza kupanda bila jasho. Maisha matamu!

Baada ya kona mbili, Jovithe akatokea ubavuni mwangu. Lori linanguruma, moshi unanijaa kinywani, na yeye anakanyaga tu, taratibu, jasho linamtiririka mpaka kwenye viwiko. Akanisalimia. Akauliza habari za Asiya. Nikamwambia ashike naye, nafasi ipo. Akatazama chuma, akatikisa kichwa.

“Mi nashikaka camion wakati muzigo ni muzito,” akasema. “Hii ni kilo makumi tano tu.”

Sitasahau. Nimeshika baiskeli maisha yangu yote na sijawahi kuona mtu akipanda vile. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Lakini sikuachia.

Ningeachia kizuizini, kwenye mstari. Kumbe lori lilikuwa kwenye msafara wenye wanajeshi, na msafara hausimami kizuizini. Mstari ukanipita, mashahidi wakanipita, lori likaongeza mwendo nikaogopa kuachia. Nimefika Bugarama. Nimerudi saa kumi juu ya magunia ya viazi, baada ya kuanguka nikishuka.

Jumatatu, 17 Juni

Nimedai kwamba mimi ndiye wa kwanza kuvuka mstari. Mohamadi akasema hata saruji ilivuka mapema. Kaporali wa kizuizi, shahidi wa tatu, akaonyesha daftari lake. Jovithe ameandikwa wa kwanza. Mimi nimeandikwa ukurasa wa mizigo.

Basi. Nimewaandikia Waswisi kwamba bingwa ni Jovithe. Lakini tiketi ya fundi bado ipo! Nikampelekea Jovithe mnyororo mpya, ndani ya karatasi nzuri. Akashukuru sana, akaupokea, akaufunga papo hapo.

“Fundi ni Mohamadi,” akasema. “We ulinifukuza juu ya nzi, kaka Akilimali. Ulisema ndizi zangu zinaleta nzi. Ule alinitengenezea roue ya nyuma ya baiskeli siku ya mvua, bila kitu.”

Sikumbuki kusema hivyo. Asiya anakumbuka. Anakumbuka hata siku.

Jumatatu, 19 Agosti

Mohamadi amepiga simu kutoka Uswisi, Buyenzi nzima tumejazana kwenye kibanda cha simu. Jovithe alipewa baiskeli nyepesi ya mbio na akashindwa kuielewa, inarukaruka kama mbuzi. Akaomba mzigo. Wazungu wakacheka. Mohamadi akanunua kilo ishirini za viazi, akazifunga nyuma kwa mpira wa tairi. Kwenye kupanda Jovithe akawa wa sitini. Kwenye kushuka akawapita thelathini na wanane, na hakuna hata mmoja aliyempita yeye! Akamaliza wa ishirini na mbili. Watu waligombania kupigwa picha na viazi.

Nimelia mbele za watu. Kwa furaha, na pia kwa kuwa mwenye mpira wa tairi na simu ni Mohamadi.

Jumatano, 28 Agosti

Wamerudi juzi. Bandari ilisimama kazi, wachukuzi wakambeba Jovithe juu na baiskeli yake. Kesho yake, saa mbili asubuhi, alikuwa tayari njiani na ndagala. Nimesimama kando ya barabara kumwona akipita, nikavua kofia. Mtu kama yule hushindani naye. Hilo sasa limeniingia kabisa.

Mohamadi, kwa kuringa, aliniletea gazeti la kule. Ukurasa wa nyuma wanatangaza mashindano ya mwezi wa kwanza, watu wanateleza kwenye theluji wakiwa na mbao miguuni. Mataifa yote yanakaribishwa. Nimefanya uchunguzi. Nimewauliza wabeba ndizi kumi na moja, mmoja mmoja, kama kuna aliyewahi kukanyaga theluji. Hakuna. Jovithe mwenyewe ameiona kwa mbali tu, juu ya mlima.

Barua nimeipeleka posta saa nne. Bingwa wa theluji wa Burundi, mara tatu mfululizo.